Usilitaje Jina Langu Jukwaani

Nyumba Na. 418, Mtaa wa Sycamore,
Los Banos, California.
12 Oktoba, 2019.

Mpendwa dada Nereida,

Neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu mama zetu walizaliwa tumbo moja, na barua kwa mtoto wa mama mkubwa haianzi kwa matusi. Hujambo? Goti linaendeleaje baada ya upasuaji? Shemeji Fermín je, ameacha chumvi kama daktari alivyomwamuru? Sisi huku ni wazima. Msimu wa nyanya ulikwisha wiki iliyopita, na mji umeacha kunuka mchuzi.

Nimepata ujumbe wako. Unanipongeza kwa cheo, na unanialika Chicago mwezi ujao nisimame jukwaani kwenye kongamano lako la wanawake wa Kilatino, niwaeleze jinsi ushauri wako ulivyoniinua. Umeshanichagulia hata rangi ya gauni. Niliusoma mara mbili, kisha nikaenda kunawa uso.

Siji. Na sababu nitakupa, maana inaonekana umezisahau, au unadhani sizijui.

Aprili ulipoalikwa kuwafundisha wanawake wa kiwanda chetu cha nyanya za makopo, mimi na wenzangu tulipika tamale mia mbili, ule unga wa mahindi wenye nyama ndani, kwa heshima yako. Nilijivuna, dada. Nilimwambia kila mtu kwamba yule mwenye suti ya bluu ni damu yangu. Ukapanda mbele ukatufundisha: tupunguze sauti, tusicheke sana, watoto wetu tusiwataje kazini, na majina marefu tuyakate ili wakubwa wasipate taabu kuyatamka. Ukamwambia Hermelinda, mwanamke wa miaka hamsini na sita, kwamba "Mel" lingemfaa zaidi. Akacheka kwa aibu. Wewe ukadhani amefurahi.

Kisha ukaninyooshea kidole. "Huyu mdogo wangu ana miaka kumi na minne humu ndani, na bado anangoja aonekane. Msiwe kama yeye." Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, nami nimeshika sinia.

Hilo ningelimeza. Ulimi hauna mfupa, na wako tangu utotoni ulikuwa hivyo. Lakini ulijua kwamba nafasi ya mkuu wa maabara ilikuwa wazi na nimeiomba. Nilikwambia mwenyewe asubuhi ile, jikoni kwangu, ukinywa kahawa yangu. Nilikuonyesha cheti cha chuo, miaka mitatu ya Jumamosi bila kukosa hata moja. Hata siku aliyozikwa baba mkwe nilitoka makaburini nikaenda darasani na viatu vya matope. Ukanibusu shavuni ukasema, "Hiyo ni yako, mdogo wangu."

Mchana wa siku hiyohiyo Bwana Haskell, meneja wetu, akakuuliza unanionaje. Yadira, karani wake, alikuwa palepale akichapa. Ukamjibu, "Otilia ana mikono mizuri, lakini usimweke mbele za watu. Akibanwa, huvunjika." Yadira alikaa na maneno hayo wiki nzima kabla ya kuniambia, na aliniambia akilia. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua tu kwamba nguo yenyewe ni suti.

Nafasi akapewa Trevor, mtu wa miaka ishirini na sita, ambaye hajawahi kuona nyanya ikiingia koponi. Mimi nikaagizwa nimfundishe. Nilimfundisha. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na haraka, na alimwogopa meneja.

Sasa nikwambie cheo nilikipataje, usije ukawasimulia watu ya kwako.

Tarehe ishirini na mbili Agosti nilipima nyanya za vipande zilizopikwa asubuhi, nikakuta uchachu wake umeshuka chini ya kiwango cha usalama. Kopo la namna hiyo likifungwa, hujaa sumu isiyo na harufu wala ladha, na mtu akila anaweza kufa. Nikapima kwa mashine nyingine. Nikapima mara ya tatu. Trevor aliangalia namba, akaangalia malori manne yaliyokuwa yakipakiwa nje, akasema, "Mashine zina wazimu leo, Otilia. Tia saini tu, tumalize."

Nikakataa. Nikachukua karatasi nyekundu za kuzuia mzigo, nikatoka, nikazibandika moja moja kwenye malori kwa mkono wangu.

Bwana Haskell akaja mbio, uso umemwiva.

"Unajua unazuia nini wewe?"

"Najua. Wewe ndiye hujui unachotaka kukisafirisha."

"Nitakufukuza kazi sasa hivi!"

"Nifukuze. Lakini andika kwenye karatasi kwamba umenifukuza kwa sababu hii, utie saini na tarehe."

Dada, nilisimama mbele ya lori la kwanza na koti langu jeupe la maabara. Sauti sikuipunguza. Hermelinda aliacha mashine yake akaja kusimama nyuma yangu, kisha Yadira, kisha wanawake wote wa mstari wa pili wa mashine. Malori yakakaa palepale.

Siku tatu baadaye maabara ya nje ikaleta majibu. Pampu ya kutilia nyanya asidi ilikuwa imeziba tangu alfajiri, na kila kopo nililolizuia lilistahili kuzuiwa. Trevor aliomba mwenyewe kuhamia ofisi ya mauzo, na kabla ya kuondoka alinipa mkono. Bwana Haskell akaniita. Hakuomba radhi, watu wa aina yake neno hilo hawakufundishwa, lakini akasema nafasi ni yangu. Nikamwambia nitaipokea kwa masharti mawili: mlangoni liandikwe Otilia Covarrubias Zamudio, lote kama lilivyo, na kila mwaka wanawake wawili wa mstarini wapelekwe chuo ndani ya saa za kazi. Akasema atafikiria. Nikamwambia nitamngoja hapohapo, nikavuta kiti. Alifikiria kama dakika kumi hivi.

Haya niambie, kipi kati ya hayo kilitoka kwako?

Ulipotoka napajua. Najua kwamba miaka tisa ulipokea simu katika ofisi ambamo walikuita Nancy, nawe ukaitika. Hukutuambia wewe, aliniambia binti yako Ximena. Niliposikia nilikuhurumia siku mbili nzima. Kisha hasira ikarudi, kwa sababu jambo lililokuumiza umeligeuza somo, na unawalisha wanawake wengine huku ukitabasamu.

Na kwa kuwa nimemtaja Ximena, ipo habari ambayo najua itakuchoma. Aliomba kazi kwetu, ile nafasi yangu ya zamani ya maabara. Sikumwita. Kwenye usaili sikukaa. Nilitoka nje ya jengo ili mtu asiseme nimempendelea ndugu. Wenzangu ndio waliomchagua kati ya watu kumi na mmoja, na kwa kemia aliyosoma, hata mimi nisingemwacha. Nilimtaka akuulize wewe kwanza. Akanijibu, "Mama mdogo, nimekuwa nikimuuliza mama tangu nina miaka kumi na sita nifanye nini na maisha yangu. Kila siku ananiambia nitabasamu."

Amefika jana na begi moja. Anaanza kazi Jumatatu. Anakupenda, hilo nalishuhudia, lakini simu yako hajawa tayari kuipokea, na mimi sitamlazimisha. Usipande ndege kuja kumchukua. Ukitaka kuja, njoo msimu ujao, uvae koti jeupe kama sisi, usimame nyuma, umwangalie anavyofanya kazi. Usiseme kitu.

Nibusie mikono ya mama mkubwa Eduviges, umwambie picha yake bado iko juu ya meza yangu. Msalimie shemeji Fermín, na kaka Lázaro na watoto wake wote. Mungu awape afya na riziki ya halali, na wewe akupe sikio la kusikia unayoyasema.

Jina langu uliondoe kwenye matangazo ya kongamano kabla hayajachapwa. Kama yameshachapwa, lifute kwa mkono.

Wako kwa damu, na kwa sasa kwa damu tu,

Otilia