Karatasi ya Masista

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Shangazi kakuchongea kwangu kwamba umeanza tena kupanda kiti kufagia utando wa buibui. Mama, hao buibui wavumilie tu. Sisi hatujambo. Mjukuu wako wa mwisho ameota meno mawili na anatuuma sote bila ubaguzi.

Barua hii kaa ndipo uisome.

Umesikia hospitali yetu inauzwa. Kampuni inayoinunua tayari ina hospitali tatu mjini hapa, na kote ilikoingia ilianza kwa kufunga wodi ya wazazi. Mkunga mkuu ameishtaki bodi. Anadai kwamba masista walioijenga hospitali waliikabidhi kwa manispaa kwa sharti la maandishi: mwanamke mwenye uchungu asirudishwe getini, mwenye hospitali awe nani awaye. Wakili wa bodi anacheka tu, anamwambia ailete hiyo karatasi.

Na karatasi ziko kwetu masjala. Masista, manispaa, wizara, sasa bodi. Kila mwenye mali mpya huja na majalada yake mapya, na sisi makarani hatutupi la zamani, tunavika jipya juu yake. Mafaili yetu ni kama mtu aliyevaa nguo zake zote kwa pamoja. Kwa hiyo karatasi ipo. Nimeishika kwa mikono hii.

Mwaka jana mkurugenzi aliniita ofisini, akanipa chai, akasema kuna karatasi kuukuu zinaleta utata, nizichome. Akagusia na cheo cha karani mkuu. Nilikitaka kile cheo, Mama, nilikitaka sana. Nikaitikia. Kisha, kesi ilipofunguliwa, nikasaini hati ya kiapo kwamba nimetafuta kila mahali na karatasi hiyo haikuwahi kuwepo. Nilisema uongo kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu hapo nikipita wodi ya wazazi naangalia chini.

Ila kuchoma kulinishinda. Miaka kumi na tisa ya masjala imeshaniharibu. Niliificha kwenye faili ambalo hakuna atakayeliulizia: lako, la siku uliyonizaa.

Nisamehe, nililisoma. Ulituambia ulikuja kwa teksi na daktari akakupokea mlangoni. Limeandikwa kwamba ulifika kwa miguu, saa nane mchana, umekataliwa hospitali mbili. Mkunga wa zamu akaongeza kwa wino mwekundu: “Sharti la masista. Apokewe.”

Jumatatu nakwenda kwa jaji na karatasi ile. Kazi nitapoteza, na kwa kiapo kile huenda nikafungwa. Mkweo alilia, kisha akaninyooshea gauni kwa pasi. Nimeshaamua, usinibembeleze.

Lakini faili ni lako. Ndilo linaloonyesha kwamba sharti liliendelea kufuatwa hata baada ya masista kuondoka. Bila ruhusa yako silifungui mbele ya watu, wala sitakulaumu. Nijibu kabla ya Jumatatu, neno moja linatosha.

Nisalimie Shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Kabla hujajibu, ujue mstari wa mwisho wa faili unasema: “Mtoto wa kike, mzima. Mama amecheka.” Hayo nayo nataka jaji ayasikie.

Mwanao,
Kichwangumu