Nilivyomkosea Sesilia

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Makanyagio hatujambo, babu yako yuko Litapunga anavuna mahindi. Umeniuliza kama wewe, mwalimu wa darasa la awali, umwombe radhi mzazi uliyemkosea.

Nilipoanza kufundisha kule Mwese, nilimwambia mama mmoja kwamba binti yake Sesilia ni mzito wa kuelewa, maana darasani hajibu kitu. Siku chache baadaye nikamsikia Sesilia njiani akiwahesabia wenzake mawe kwa Kibende, lugha ya kwao, hadi ishirini, bila kukosea. Kumbe Kiswahili ndicho alichokuwa hakijui.

Nikaenda kwao. "Mama Sesilia, nilikosea. Mimi ndiye niliyeshindwa kumwelewa."

Akasema, "Mwalimu, nilishaamua asirudi shule. Basi kesho nitamleta."

Alimleta kweli. Nawe nenda ukamwone huyo mzazi, mjukuu wangu.

Bibi yako,
Bibi Yustina