Aya Niliyoiruka Kwenye Karatasi ya Gari

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 16 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba alituambia unapanda ngazi bila fimbo, nikafurahi mpaka nikamrudishia simu bila kukusalimia. Unanijua: kwenye simu ulimi unakuwa mzito, nikishika kalamu huniwezi. Sisi wazima, ila mdogo wangu Kifurushi ameng'oka jino na anamwonyesha kila mpita njia pengo.

Najua Baba alikuambia ananunua gari la hidrojeni. Hakulinunua, na kidogo tu nimponze mimi. Nataka uyasikie kwangu.

Tangu nianze kusoma kwa lugha mbili, karatasi zote za kigeni hapa nyumbani nazisoma mimi. Baba anakaa na chai yake, namtafsiria kwa sauti, Mama anasikiliza akiwa jikoni. Gari lake la kazi lilipokufa mwezi uliopita, mwuzaji mmoja alimpa karatasi ya gari la hidrojeni lililotumika. Nikasoma: linajazwa kwa dakika tano, linakwenda kilomita mia tano, na kinachotoka nyuma ni maji matupu.

Baba akaruka kitini. "Mama Kimya, umesikia? Fundi majokofu ataendesha gari linalotoa jasho!"

Mama akacheka. Shangazi, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu gari life.

Nikageuza karatasi. Aya ya mwisho ilisema pampu ya hidrojeni hapa mjini ni moja tu, na mnunuzi ahakikishe mwenyewe kama inafanya kazi. Niliisoma kimoyomoyo, nikaikunja karatasi, nikasema, "Basi, imeisha."

Siku tatu sahani yangu niliisukumia Kifurushi. Ijumaa baada ya shule nilikwenda kuiona hiyo pampu. Imezungushiwa uzio, mrija wake umevalishwa mfuko wa plastiki.

"Binti, umepotea?" mlinzi akaniuliza. "Hiyo ina miezi saba haijapumua. Nyingine iko mwendo wa saa tatu."

Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi! Wateja wenye majokofu yanayovuja wangemngoja Baba mpaka lini?

Kesho yake Baba alikuwa ameshavaa shati la pasi, kalamu mfukoni, anakwenda kutia saini. Nikasimama mlangoni. Nikamsomea ile aya, na habari za mlinzi nikamwambia.

"Ulijua tangu Jumanne?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Akakaa, akavua kiatu kimoja. Nilijua sasa nafokewa. Akasema, "Kumbe mdomo unao! Ungeniacha nikwame njiani na jokofu la mwenye bucha?" Akacheka mpaka kile kiatu kikamponyoka. Mimi nikalia, lakini kilio cha kutua mzigo.

Juzi tumeleta haibridi, gari la petroli lenye pia betri ya kuchomeka kwenye umeme. Ikijaa inakwenda kilomita hamsini kwa umeme, na mizunguko ya Baba kwa siku haifiki arobaini. Akienda mbali kwa Bibi, petroli inapokea. Waya unapita dirisha la jikoni, Mama anasema gari linanyonya. Kifurushi peke yake kanuna, yeye alitaka lile la maji. Baba anamwambia lile ni gari zuri, ila limefika mapema kuliko pampu yake.

Nami nakula sahani mbili sasa.

Nisalimie Baba Mapacha na mapacha wenyewe, uwaambie picha zao ziko juu ya jokofu letu. Mungu alishike goti lako kila ngazi.

Baba ameniambia barua hii niisome kwa sauti kabla ya kuifunga, tena mpaka nukta ya mwisho. Wote wameshakaa mezani wananingoja. Naona haya, Shangazi, ila leo siruki kitu.

Mimi wako, nikupendaye hata simu inaponishinda,

Kimya