Kiatu Kilichofichwa Siku ya Usaili

Mwanangu,

~~Ukirudi shule leo hutoki nje, hata dirishani usichungulie.~~ Basi, nimekusamehe.

Anua nguo, uzikunje, usizirundike kitandani. Baba yako mwamshe kabla ya zamu yake. Na ile sufuria kubwa utaisugua wewe, sababu unaijua.

Ni kweli tulikubaliana unifichie vitu nijifunze "in", "on", "under" na ndugu zao. Lakini kiatu, asubuhi ya usaili! Halafu umeondoka zako, umenibandikia maelezo ya Kiingereza mlangoni! Nimezunguka nyumba nzima mguu mmoja peku, nakusema peke yangu, mpaka nikakikuta ndani ya sufuria, chini ya meza, nyuma ya ndoo.

Nimefika stoo ya hospitali nahema. Yule bosi wa Kiingereza kitupu akaanza: boksi hili juu ya rafu, lile chini ya kaunta, glavu nyuma ya mlango. Safari iliyopita niliganda kama sanamu. Leo mikono imekwenda yenyewe, kila neno nikiliona hapa hapa jikoni kwetu. Kazi nimepata, mwanangu! Naanza mchana huu, ndiyo maana hunikuti.

Chakula chako kipo, ila nimekificha. Maelezo yapo mlangoni, palepale ulipobandika ya kwako, na kwa Kiingereza. Ukikwama usimsumbue baba yako. Naye ana cha kwake cha kutafuta.

Mama yako, mtu wa stoo