Mama Alionja Sawa

Kisii, Jumatano

Kaka Onyiego mpendwa,

Simu yako imezimwa, ndiyo maana naandika. Natumai majani chai yamechumwa na kofia niliyokununulia unaivaa shambani, maana jua halina huruma na ngozi yako ya ualbino.

Unakumbuka Mama alipoonja yale matone ya tiba mbadala niliyowaletea huko nyumbani Nyamira, akacheka? "Bochaberi, haya si dawa, ni amache tu! Maji ya kisima!" Nikamhutubia kuhusu ukoloni wa hospitali. Ukanipigia makofi, ukaahirisha upasuaji wa kidonda chako cha sikio ili utumie matone.

Kaka, jana katika maabara ninakofanya kazi tulifichua siri ya vizimba viwili vya majaribio: kipi kilipewa nini. Panya wenye saratani ya ngozi walipewa matone katika kimoja, maji matupu katika kingine. Uvimbe umekua sawasawa. Nilipima mara tatu, kwani kila panya mweupe alikuwa na sikio lako.

Mimi niliyezoea kuhutubu juu ya meza, leo nakusihi kwa sauti ndogo: mwaga matone, uje Jumatatu. Nitakusubiri langoni pa hospitali tangu alfajiri.

Mwambie Mama ulimi wake uliushinda wangu.

Dadako mwenye hofu,
Bochaberi