Kopo la Kona ya Nne

Baba,

Udongo wa kopo la nne haukutoka kona ya nne. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Siku ile pale Kibaigwa, ulipokuwa unapima msingi wa ghala la Mzee Saidi, ulinituma nichimbe kila kona hadi kiunoni nikuletee udongo wa chini, maana juu kote ulikuwa mwekundu. Kona tatu nilichimba. Kwenye ya nne walikaa madalali wa mahindi wakisubiri malori. Mmoja akaniita, "Binti fundi, unamchimbia nani kaburi?" Wakacheka wote. Niliona haya, Baba. Nikarudi shimo la tatu, nikajaza makopo mawili.

Ukauma udongo kama kawaida yako. "Unakwaruza meno. Mchanga huu." Ukautikisa kwenye chupa ya maji, ukatua chini papo hapo. Ukajenga msingi wa kina kimoja pande zote.

Mwaka wa kwanza ghala lilisimama vizuri. Mvua za mwaka wa pili, magunia yamepangwa hadi kwenye kenchi za paa, kona ya nne ikazama. Ufa ukapanda ukutani, mkono wangu unapita. Madalali wale wale wakasema, "Fundi ulimi umekufa ganzi." Nawe ukawaamini. Hukuuma udongo tena hadi kifua kilipokuchukua. "Ulimi umezeeka, Penina," ulisema, nami nimeshika bakuli lako la uji. Nikakukorogea uji.

Siku hizi mama huzunguka nyuma ya soko asiwasikie madalali wakikucheka. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Jumatatu nilikwenda kona ile nikachimba hadi kiunoni, wakinitazama. Chini ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Niliuuma. Haukukwaruza, ulinata kwenye meno. Nikautikisa kwenye chupa yako. Mchanga ulitua mara moja, kidogo tu, haufiki unene wa kidole. Leo ni siku ya nne na maji bado yamechafuka.

Ulinifundisha kwamba mchanga ukibebeshwa mzigo hushuka na kutulia siku hiyo hiyo. Udongo wa mfinyanzi chembe zake ni ndogo mno, umeshikilia maji, na maji hayo hutoka kidogo kidogo. Kwa hiyo hushuka taratibu, kwa miaka, fundi ameshaondoka. Ukanitania, "Ndiyo wewe huyo. Unanyamaza weee, siku ukisema nyumba inapasuka."

Ulimi wako haukukosea, Baba. Ulionja nilichokupa. Nisamehe.

Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia mama. Kisha nitakwenda kwa Mzee Saidi na chupa hii mkononi, niseme mbele ya madalali wote, hata wakinicheka.

Pumzika, Baba yangu. Nitunzie siri hii siku tatu tu, hata bibi huko mliko usimwambie. Akikuuliza Penina ana nini, mwambie chupa yake bado haijatulia.

Binti yako,
Penina