Idadi ya Wazee wa Mwalangi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, Voi, Jumapili tarehe 15 Juni 2025, kuanzia saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Jina: Lois Mumbe Mwakio
Jinsia: Mwanamke
Umri: Miaka 41
Kazi: Kuongoza watalii wa baiskeli, pia fundi baiskeli
Makazi: Mtaa wa Sikujua, Voi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jana niliulizwa maswali kule mlimani mbele ya watu, nikajibu nusu. Leo nimekuja kwa hiari yangu kumalizia nusu iliyobaki. Nimekuja na baiskeli ya kuazima kwa sababu zangu saba zimefungiwa hapa kama vielelezo.

Kazi hii nilianza mwaka 2016 na baiskeli moja aina ya Black Mamba. Kabla ya hapo nilikuwa nikiuza maji kwa baiskeli hiyo, mitungi minne kwa safari, safari kumi na moja kwa siku. Sikushikwa mkono na mtu. Sasa nina baiskeli saba za gia. Ninasema hivi ili ieleweke kwamba mimi ni mtu wa kuhesabu. Sijui kutazama kitu bila kukihesabu. Hata kanisani najua madirisha ni mangapi. Wageni wangu nawahesabu kila tunaposimama. Mwaka 2018 ni hesabu hiyo iliyonijulisha kwamba mgeni mmoja amebaki msituni, mguu umeteguka. Tulimpata kwa dakika ishirini na mbili.

Njia yangu kubwa ni ya Sagalla. Kutoka Voi hadi chini ya mlima ni kilomita 11.2, kupitia mashamba yaliyozungushiwa waya wenye mizinga ya nyuki kwa ajili ya kuzuia ndovu. Pale wageni hushuka na kusukuma, kwa sababu ukigusa waya umewagusa nyuki. Kisha ni kupanda kilomita 8.2, nusu yake ndani ya msitu, hadi kitongoji cha Mwalangi, halafu kuteremkia upande wa pili. Bila kupita Mwalangi hakuna njia. Kuna kupanda na kurudi ulikotoka, na hakuna mgeni atakayetoka Mombasa kwa ajili ya hilo.

Mwalangi ina maboma kumi na manne. Nyuma ya boma la Mama Evelyn, mjane wa miaka 67, kuna mwamba, na chini ya mwamba kuna pango. Humo mna mafuvu ya wazee wa ukoo wa marehemu mume wake, waliowekwa kabla ya watu kuanza kuzikwa kikristo. Wamepangwa juu ya mawe, safu tatu. Pale hakuna anayesema mafuvu. Wanasema wazee, na mimi nitasema hivyo hivyo.

Nilipanda kwa Mama Evelyn kuomba ruhusa mara nane, akanikatalia. Mara ya tisa, mwezi Machi 2023, alikubali kwa masharti matatu: tusipige picha, tusivuke kamba iliyofungwa mlangoni mwa pango, tusihesabu. Nilimuuliza hilo la tatu ni kwa nini. Alinijibu, "Wanaohesabiwa ni mbuzi, Lois. Ukimhesabu mzee wa watu umemfanya wa kuuzwa." Nikasema sawa, Mama.

Yeye mwenyewe hawatazami. Tukifika kwenye kamba, yeye husimama pembeni na kuligeuzia pango mgongo. Anasema, "Hao ni baba wakwe zangu. Nitawakodoleaje macho?" Mume wake ndiye aliyekuwa akiwajua kwa nafasi zao, naye alifariki mwaka 2019. Kwa hiyo katika boma lile hakuna mtu anayeweza kusema wazee ni wangapi.

Afande, mimi ninaweza. Safari ya kwanza kabisa nilihesabu. Sikupanga. Macho yalianza kushoto yenyewe, nikashtukia nimefika mwisho wa safu ya tatu. Tangu siku hiyo nimepeleka wageni pale mara thelathini na moja na nimehesabu mara thelathini na moja. Idadi haijawahi kubadilika. Sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, niliondoka Voi na wageni sita. Mmoja wao ni Abdulbasit, mkazi wa Mombasa, daktari wa meno, ambaye sasa mnaye hapa mahabusu. Alikuwa na begi jeusi mbele ya usukani. Nililifungua mwenyewe kabla hatujaondoka, maana huwa napima uzito: lilikuwa na tyubu mbili, maji, ndizi na mkeka wa kuswalia.

Tulifika kwenye kamba saa tano na dakika tano. Mama Evelyn alisimama na kugeuka kama kawaida. Wageni walitazama kimya. Kisha Abdulbasit akasema, "Huyu wa mwisho meno yote yapo. Wangekuwa wote hivi, mimi kwangu tungelala njaa." Watu wakacheka. Mama Evelyn naye akacheka akiwa amegeuka vile vile, akasema, "Mwambieni hakujua sukari huyo." Nataja mzaha huu kwa sababu baadaye uligeuzwa kuwa ushahidi.

Saa tano na dakika ishirini tuliondoka. Mwendo wa mita arobaini, gurudumu la nyuma la Abdulbasit likapata pancha ya mwiba. Alisema anaweza kubadilisha tyubu mwenyewe, niwatangulize wenzake. Niliwafikisha bomani kwa Mama Evelyn, nikarudi na pampu saa tano na dakika thelathini na moja. Alikuwa amekaa chini, mikono imejaa vumbi, tyubu ameiweka imejikunja. Begi lilikuwa wazi kando yake, na ndizi zikiwa juu.

Nimeulizwa kama katika muda huo alikuwa peke yake. Ndiyo. Si zaidi ya dakika kumi na moja.

Nimeulizwa nilifanya nini baada ya hapo. Nilinyoosha tyubu, nikampa pampu. Alipokuwa akipiga upepo, mimi nilirudi hadi kwenye kamba kuchukua glavu yangu niliyoisahau pale. Nikatazama ndani. Nikahesabu. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na nane, na Abdulbasit alikuwa tayari amefunga begi na kuanza kusukuma. Wazee walikuwa wametimia.

Chakula kilikuwa kimanga, yaani muhogo uliopondwa na maharagwe, pamoja na mboga, tukaanza kula saa sita na dakika tano. Wageni wote sita walikuwa mezani. Saa sita na dakika arobaini akaingia Sylus, mpwa wa marehemu mume wa Mama Evelyn. Sylus ni mwendesha bodaboda wa hapa mjini, na alipanda siku hiyo kuleta mbolea. Sina ugomvi naye, ila mwezi Februari aliniomba nimpe kazi ya kuongoza wageni nikamwambia kwanza ajifunze kuziba pancha.

Sylus alisema kwa sauti, "Shangazi, umewakaribisha wezi. Mzee mmoja hayupo. Safu ya pili kuna pengo kama jino limeng'olewa."

Wageni wenzake wakaukumbuka mzaha wake, na watu wote wakamtazama daktari wa meno.

Mama Evelyn alimuuliza, "Pengo hilo ni la leo?"

Sylus akajibu, "Sasa la lini? Wewe ulishawahi kuliona?"

Mama Evelyn aliweka sahani chini. Hajawahi kuliona na asingeweza kuliona. Sylus naye alikiri mbele ya watu kwamba mara ya mwisho kufika pangoni alikuwa darasa la saba.

Pengo lipo, afande. Ni safu ya pili, kati ya wa tano na wa sita kutoka kushoto, upana wa viganja viwili. Lilikuwepo Machi 2023. Limekuwepo mara zote thelathini na moja. Sijui ni la nini.

Majirani walijaa uani, nikahesabu ishirini na sita. Begi la Abdulbasit lilimwagwa chini. Mkeka wake ulikanyagwa, na nilimwona akiuokota na kuukung'uta. Hawakupata kitu, wakasema amekificha msituni. Mwanamume mmoja alimwambia, "Daktari, rudisha babu yetu, tutakuachia meno." Baadhi walicheka. Yeye hakucheka. Baiskeli zangu zilirushwa ndani ya stoo moja juu ya nyingine. Rimu moja imepinda na spoki tatu zimekatika, na hilo ninaomba liandikwe.

Wakati huo nilimvuta Mama Evelyn kando, nikamwambia, "Mama, nina hakika hakuna kilichotoka."

Akaniuliza, "Umejuaje?"

Niligeukia baiskeli zangu. Akanitazama, akauliza tena, polepole, "Lois. Umejuaje?"

Nikasema, "Namjua mgeni wangu." Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimemjua Abdulbasit kwa saa sita na nusu.

Polisi walifika saa tisa kasoro dakika kumi. Walimchukua Abdulbasit, pia kwa usalama wake, na baiskeli zote saba. Niliulizwa kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Nimeulizwa kwa nini sikusema ukweli jana. Nilipanda mlima ule mara tisa kuomba njia moja. Nilijua nikisema nimehesabu, njia imefungwa, na nimeifunga mimi. Zaidi ya hapo, mama yule alinipa neno lake nikampa langu, na langu halikudumu hata safari moja. Nilitaka asijue. Lakini usiku nilipiga hesabu nyingine. Kesho Jumatatu mgeni wangu atapelekwa mahakamani kwa kuiba mtu ambaye hajaibwa, na mwenye jibu ni mmoja tu katika kaunti nzima. Amelala sakafuni kwa sababu ya ukimya wangu. Hilo sikuweza kuligawanya na mtu.

Idadi yenyewe sitaitamka. Nimeiandika kwenye karatasi, nikaikunja mara nne, nikamkabidhi afande ndani ya bahasha. Ninaomba aende ahesabu mtu asiye wa ukoo ule, kisha ndipo bahasha ifunguliwe. Ikitofautiana hata kwa mmoja, mniweke ndani mimi, maana mimi ndiye niliyewapeleka.

Nimesomewa niliyoyasema na ni yangu yote, pamoja na yale yanayonishtaki. Sina la kupunguza.

Sahihi: L. M. Mwakio

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akatia sahihi mbele yangu saa tatu na dakika thelathini na tano.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, nilifika Mwalangi pamoja na konstebo mmoja. Waliokuwepo ni chifu, Sylus na Bi. Evelyn. Mimi na konstebo tulihesabu kila mmoja peke yake, kimya, kisha tukaandika. Bahasha ilifunguliwa mbele ya chifu. Karatasi zote tatu zina idadi moja. Pengo liko pale shahidi aliposema, na jiwe la mahali hapo lina kuvu kavu isiyoguswa. Kwa ombi la Bi. Evelyn idadi haikutamkwa na haitaandikwa hapa. Karatasi zimo ndani ya jalada.

Abdulbasit ameachiliwa saa kumi na moja jioni bila mashtaka. Baiskeli saba zimerudishwa, moja ikiwa na rimu iliyopinda na spoki tatu zilizokatika, kama ilivyoelezwa.

Wakati wote tukihesabu, Bi. Evelyn alisimama kwenye kamba akiwa ameligeuzia pango mgongo. Tulipomaliza aliuliza neno moja, "Wapo?" Nikamjibu wapo. Akauliza ni nani aliyejua. Nikamwambia.

Ndipo akanituma nimwambie shahidi hivi: baiskeli zipite kama zamani. Ila Lois akifika kwenye kamba asimame upande wake yeye, na atazame huko anakotazama yeye.

Ujumbe umefikishwa kwa shahidi saa kumi na mbili kasoro robo. Aliitikia kwa kichwa.

Koplo Salme Kombo